Kabla hujapuliza Alcoblow: jinsi ya kupanga usiku wako wa pombe ukiwa bado nyumbani

Mimi naendesha teksi Nairobi, usiku, mwaka wa tisa huu, na Ijumaa na Jumamosi abiria wangu karibu wote ni watu wametoka kunywa. Kwa hivo sijaja hapa kumkataza mtu chupa yake. Nimekuja kuongea kuhusu kile kizuizi cha Alcoblow, pale askari wanakusimamisha upulize kifaa cha kupima pombe kwa pumzi, manake naona watu wengi wanakielewa vibaya, wanafikiri kazi yake ni kukamata walevi basi, alafu nguvu yao yote inaishia kwa kutafuta njia ya kukikwepa. Ukijua vile kinafanya kazi utajua pia vile unafaa kujipanga, na hizo hatua nitakupa zote, lakini wacha kwanza nikuonyeshe hesabu moja ambayo mimi ilinibadilisha mawazo kabisa.

Huko Marekani kuna jimbo linaitwa Tennessee. Mwaka wa 1994 kuingia 1995 polisi wao waliweka vizuizi vya kupima walevi karibu 900, jimbo zima, kwa muda wa kama mwaka mmoja. Madereva waliopitia hapo ni zaidi ya 140,000. Waliokamatwa kwa kuendesha wakiwa wamelewa hawakufika 800. Sasa mtu akisikia hivo atasema hiyo ni kazi bure, askari wanasimama kwa baridi usiku kucha na hawapati hata mmoja kwa mia. Lakini ajali za vifo zenye mkono wa pombe zilishuka kama asilimia 20, na hazikurudi juu mara tu ile operesheni ilipoisha, zilikaa chini zaidi ya mwaka. Jiulize nani alizishusha. Hao mia saba na kitu hawawezi kushusha ajali za jimbo zima. Walioshusha ni watu ambao hakuna askari aliwaona, mtu alisikia kwa redio kuna vizuizi akaacha gari kwa nyumba, mwingine akampa bibi yake funguo, mwingine alikuwa aongeze chupa ya tatu akasema wacha.

Kwa hivo kizuizi kinafanya kazi yake saa kumi na mbili jioni, wewe uko kwa nyumba unavaa viatu na unakumbuka leo wanaweza kuwa barabarani. Ukifika pale kwa taa za bluu ushachelewa, umeshaendesha ukiwa umelewa, na ni bahati tu kwamba hujamgonga mtu kabla ya kufika.

Australia ndio walionyesha vizuri zaidi. Jimbo la New South Wales walianza tarehe 17 Desemba 1982, na wao wakasema hatuchagui, kila dereva tukimsimamisha anapuliza, awe ananuka pombe ama anatoka kanisani. Wakatangaza sana kwa televisheni. Miezi ya kwanza ajali za vifo zilishuka karibu nusu. Baadaye makali yakapungua, watu wakazoea, lakini hazikurudi pale zilikuwa. Nchi zingine hawakupata kitu kikubwa hivo, tafiti nyingi zikiwekwa pamoja zinaonyesha ajali za pombe zinapungua kati ya asilimia 9 na 20, inategemea mmefanya aje. Mimi nasema ata hiyo 9 naitaka. Kenya mwaka wa 2024 barabara ziliua watu 4,748, na kundi kubwa kuliko yote ni watembea kwa miguu, watu ambao hata gari hawana.

Kwetu Alcoblow iliingia barabarani Desemba 2013. Kipimo kiliwekwa mikrogramu 35 za pombe kwa mililita 100 za pumzi, ambayo kwa damu ni miligramu 80 kwa mililita 100 (Tanzania pia damu ni hiyo 80). Alafu 2017 Mahakama ya Rufaa ikaitupa kanuni iliyoweka hicho kipimo, ikasema Sheria ya Trafiki inataka ithibitishwe kwamba dereva ameshindwa kumudu gari, sasa kanuni haziwezi kuja zikaunda kosa lingine la namba peke yake. Watu wengi hapo walisherehekea wakisema ati mahakama imeruhusu kuendesha ukiwa umelewa. Haikuruhusu. Kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kumudu gari ni kosa chini ya kifungu cha 44 kabla ya Alcoblow na baada yake, kilichobishaniwa pale ni njia ya kuthibitisha. Na vifaa baadaye vilirudi barabarani. Kwa hivo usipange maisha yako na kesi ya korti.

Haya, sasa hatua.

Amua kabla ya chupa ya kwanza

Hii ndio kubwa na ukishika hii peke yake umemaliza robo tatu. Mtu akishakunywa mbili, ile akili inayoamua kama anaweza kuendesha ndio hiyohiyo imelewa. Nimebeba watu mamia na sijawahi kupata hata mmoja aliyeniambia nimelewa siwezi, wote wanasema niko sawa, ata yule unamshika mkono ndio aingie kwa gari.

Ukijua utakunywa, gari iache nyumbani. Hiyo sentensi fupi lakini watu wanaipinga sana, wanasema nitarudi na nini. Sasa ndio panga kurudi kabla hujapanga kuenda. Toa pesa ya kurudi uiweke kando, mimi abiria wangu wengine wananitumia kwa M-Pesa kabisa saa moja jioni wakiwa bado na akili, wananiambia njoo saa saba unitoe Westlands. Mtu kama huyo hata akipoteza wallet, hata simu ikizima chaji, mimi najua niko na yeye. Tafuta dereva mmoja wa mtaani kwenu mzoeane, umwekee namba, umwambie siku. Ukitegemea kuita gari ya simu saa nane usiku, mvua inanyesha na bei imepanda mara mbili, utaangalia funguo zako pale mezani na utaziamini.

Kama mko wengi mchague dereva wa siku, na huyo hanywi. Si ati anakunywa kidogo, hanywi. Mmlipie soda, nyama, mtoto wa watu asikae kama mlinzi. Na mbadilishane wiki kwa wiki, manake nimeona makundi ambayo ni mtu mmoja tu kila siku anaachiwa hiyo kazi, kwa sababu ameokoka ama ni mpole, na mwisho anachoka anaacha kuja, hapo sasa mnarudi wote mkiwa mmelewa.

Ujue hesabu ya chupa

Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 iko na gramu kama 20 za pombe safi. Mwili wa kawaida unatoa kama gramu 7 mpaka 10 kwa saa. Kwa hivo chupa moja ni masaa mawili ama zaidi. Nne ni masaa nane na zaidi. Kwota moja ya mililita 250 ya kali ya asilimia 40 ni sawa na hizo bia nne, na watu wanaimaliza kwa saa moja wakipiga stori.

Sasa chukua mtu ameanza saa mbili usiku, amekunywa bia sita, amelala saa nane, ameamka saa moja asubuhi ameoga amevaa shati anaenda kazini ama kanisani. Anajiona mzima. Sita mara mbili ni masaa 12, yaani mpaka saa mbili asubuhi mwili wake bado unasafisha, na huyo ni mwenye mwili mzuri. Asubuhi ndio watu hawajichungi kabisa. Kama uko na safari ya mapema, usiku uliotangulia ndio wa kujizuia, ama upande matatu.

Na tafadhali. Kahawa haitoi pombe. Supu haitoi pombe, maji baridi hayatoi, kutapika hakutoi ile imeshaingia kwa damu, kutafuna pipi ya mint kunabadilisha harufu ya mdomo na kile kifaa kinapima pumzi ya mapafu. Kula kabla ya kunywa kunasaidia pombe iingie polepole, hiyo ni kweli, lakini haiondoki haraka zaidi. Kinachotoa ni masaa. Dada zangu, chupa sawa na ya mwanaume mwenye kilo sawa na zako itakupandisha zaidi yake, mwili wa mwanamke una maji kidogo ya kuichanganya, kwa hivo usimfuate chupa kwa chupa.

Hiyo 80 yenyewe watu wanaiona kama ruhusa, ati niko chini yake niko salama. Dereva aliye kwa 80 uwezekano wake wa kupata ajali ni karibu mara tatu ya yule hajakunywa, na hatari inaanza kupanda mapema, kabla hujafika hapo. Kama unabeba abiria, iwe matatu, iwe boda, iwe teksi kama mimi, hesabu yako weka sifuri na usinijadili.

Rafiki amelewa na ameshika funguo

Hapa watu wanaogopa aibu. Mimi nimeona vile inafanyika vizuri, kuna baa moja Roysambu nilikuwa nangoja mteja, vijana watatu wametoka, mmoja anataka kuendesha. Mwenzake hakumwambia umelewa. Alimwambia, "Brathe, nishikie hii jaketi nifunge kiatu," jamaa akashika jaketi na mkono wa funguo, mwenzake akachukua zile funguo polepole kama anamsaidia mzigo, akazitia mfukoni, akafunga kiatu kweli, alafu akafungua mlango wa nyuma wa gari yangu akasema twende tule. Wakaenda kula. Nyumbani kwao. Yule jamaa aliulizia gari mara moja tu njiani, wakamwambia iko kwa soja, akalala.

Kwa hivo usibishane kama amelewa ama hajalewa, hiyo vita hushindi. Ongea kitu kingine, chakula, mtu anakungoja, mimi nataka kuendesha hii gari yako nione vile iko. Ongea na soja ama mlinzi wa parking mapema, wengi ni watu wazuri, wanakubali gari ilale ukiwaachia ya chai. Na ikishindikana kabisa ukatae kuingia kwa hiyo gari, na useme kwa sauti kwamba hauingii, mara nyingi mmoja akikataa wa pili anakataa pia.

Ukifika kwa kizuizi

Punguza mwendo mapema, usigeuze ghafla, kugeuza ukiwa umeona taa ndio watu wanagonga boda anayekuja nyuma. Punguza taa za mbele, shusha dirisha, washa taa ya ndani, mikono kwa usukani. Salimia, "Habari ya kazi afande." Ukiambiwa puliza, puliza, pumzi ndefu ya kutoka ndani. Kama kifaa kinawekewa mrija, unaweza kuomba mrija mpya ufunguliwe kwa karatasi yake ukiona, uombe kwa heshima na hakuna afande mwenye akili atakasirika. Kama ni sasa hivi tu umemeza kitu, ama umetumia dawa ya kikohozi yenye pombe ama maji ya kusukutua, sema mapema uombe mngoje kama dakika 15, manake pombe ya mdomoni inaweza kudanganya kifaa.

Ukipatikana umezidi, usitoroke, usitukane. Na usitoe kitu kidogo. Hapo nitakaa kidogo kwa sababu watu wanaona hongo ni shida ya askari na mfuko wao tu. Ukitoa elfu mbili ukaachiwa, umerudi barabarani ukiwa umelewa vilevile, na sasa umejua bei. Ile hofu ya jioni imekufa kwako, na utawaambia marafiki, nao imekufa kwao. Kizuizi kizima kinasimama juu ya hiyo hofu, hakina kitu kingine. Askari anayepokea na dereva anayetoa wanakibomoa pamoja. Piga simu mtu ambaye hajalewa aje achukue gari, wewe uende kituoni, uandikishe majina ya maafisa na saa, uombe wakili kama unataka. Utaaibika. Utapona.

Acha kutuma lokesheni

Hii nilifanya mimi mwenyewe kwa hivo naiandika polepole.

Tulikuwa na grupu la WhatsApp la madereva na wateja, tunaambiana leo wako Waiyaki Way, wako Lang'ata, wametoka pale Roysambu. Tuliona ni kusaidiana. Jumamosi moja kuamkia Jumapili nilipita Thika Road saa tisa na kitu usiku nikaona askari wanapanda gari yao wanaondoka, nikaandika pale kwa grupu, Thika Road iko safi. Nikapeleka mteja. Kurudi, kama saa kumi na nusu alfajiri, karibu na stage ya Githurai nikakuta gari ndogo imepanda ukingo wa barabara na watu watatu wanne wamesimama. Mama alikuwa amegongwa. Alikuwa anangoja gari ya kumpeleka Marikiti kununua mboga, gunia zake tupu zilikuwa amezikunja vizuri kabisa akazifunga na kamba ya manila, zilianguka hapo kando hata hazikufunguka, na simu yake ndogo ile ya mulika mwizi ilikuwa ndani ya mtaro tochi bado inawaka. Kijana aliyegonga alikuwa ananuka pombe, anasema tu sikumwona, sikumwona. Tulimbeba mama na gari yangu. Hatukufika na yeye.

Sijui kama yule kijana alikuwa kwa grupu letu ama alitumiwa na mtu. Sikuwahi kuuliza. Nilitoka siku hiyo.

Kwa hivo hatua hii ni rahisi, ukiona kizuizi pita uende zako, usitangaze kiko wapi na usitangaze kimeondoka. Ukitaka kutangaza tangaza jambo moja tu, kwamba wikendi hii wako barabarani, bila mahali. Hiyo inasaidia kweli, ndio kile Australia walifanya kwa televisheni, watu wajue wapo lakini wasijue wapi. Kama bado uko kwa grupu kama hilo ongea na admin, na kama hasikii toka.

Mtaa wenu uombe nini

Watu wanafikiri hii ni mambo ya wakubwa lakini si hivo, baraza la chifu liko, mikutano ya usalama mtaani iko, OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, ana ofisi na anapokea barua. Shida ya vizuizi vyetu naiona kila wiki. Vinakaa mahali palepale, saa zilezile, vinaongezeka Desemba na Pasaka alafu Februari hakuna mtu. Dereva wa Nairobi anajua hiyo ratiba kama anavyojua njia ya kwao. Ukiomba, omba vitu ambavyo vinabadilisha ile hesabu ya jioni.

Omba vizuizi vidogo na vingi badala ya kimoja kikubwa cha maafisa 20. Huko West Virginia, jimbo lingine la Marekani, walijaribu vya maafisa 3 mpaka 5 peke yake, wakivirudia kila wikendi, na madereva wenye pombe nyingi barabarani walipungua sana wakilinganishwa na kaunti ambazo hazikufanya. Maafisa watatu ata kituo chetu kidogo kinaweza. Omba vihame usiku huohuo, saa moja hapa saa moja pale. Omba kila anayesimamishwa apimwe, mwenye gari kubwa na mwenye probox, kwa sababu wakianza kuchagua uso watu wanaona ni ya kutafuta pesa. Omba mwangaza na koni za kutosha mbele, kizuizi kwa giza ni ajali ingine. Omba watangaze idadi ya waliopimwa na waliopatikana kila mwezi pale kituoni.

Na omba saa. Hapa kwetu askari wengi wanafunga vizuizi saa tisa usiku, baa nazo zinamwaga watu mpaka kumi na moja. Ukisimama kwa baraza usiseme tu mtuongezee usalama, hiyo inaandikwa na inasahaulika, taja barabara, taja stage, taja saa. Mimi nilipopewa nafasi nilisema Thika Road, stage ya Githurai, saa kumi na nusu alfajiri.